Manamba

Manamba, kutokana na namba, ni jina walilopewa vibarua wa mkataba waliotolewa mbali, Kigoma hata Burundi, kwenda kukata mkonge Tanganyika enzi ya ukoloni. Mtu aliitwa kwa namba yake. Ujira ulingoja kipande, kadi ya kazi, kijae siku 30. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwasaka manamba. Chini ya Mlima Meru, Wameru na Waarusha wengi walishika mashamba yao wenyewe, hivyo walowezi wa kahawa nao walitegemea wageni. Jina la manamba lilikuwa dhuluma, kwani lilimfuta mtu. Leo, kwenye mashamba ya maua ya Usa River, chini ya mlima huohuo, chama cha wafanyakazi cha TPAWU humwita kibarua mfanyakazi, mwenye haki ya mkataba wa hali bora chini ya sheria ya ajira ya 2004.