Nani Ameshika Daftari la Bahari Yetu?

Tangu mwaka 1980, kuna watu kwenye kisiwa cha Mahé, Ushelisheli, ambao kazi yao ni kujaza upepo kwenye chupa. Si utani. Chupa za glasi zinajazwa hewa ya baharini, mbili mbili, zinafungwa, zinatiwa kwenye boksi na kusafirishwa hadi Boulder, Colorado, Marekani. Huko kuna maabara ya shirika la NOAA. Wanapima hewa ya ukaa iliyo ndani, wanaandika namba, wiki inaisha. Wanaanza tena. Zaidi ya miaka 40 ya kujaza upepo.

Shuleni tulikaririshwa Fort Jesus, Wareno na Waarabu, lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kuhusu hizi chupa. Na ukweli ni kwamba hii ni stori yetu. Hata kama unakaa Kayole na mara ya mwisho kuona bahari ilikuwa kwa status ya mtu mwingine, endelea kusoma.

Kwanza, kwa nini Ushelisheli? Juu ya kaskazi na kusi. Wazee wa Lamu na Mombasa walizijua hizi pepo mbili karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuja na mashine. Kaskazi inavuma kama kuanzia Novemba hadi Machi, ikileta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kusi inachukua usukani katikati ya mwaka na kuyarudisha nyumbani. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, alichohitaji zaidi ni rubani anayejua njia ya kufika India, na alimpata hapo hapo.

Sasa cheki chupa za Mahé zinasema nini. Wakati wa kaskazi, hewa inayofika kisiwani imetoka upande wa kaskazini wa dunia, kwenye viwanda na magari mengi, na hewa ya ukaa inapanda. Wakati wa kusi, upepo unatoka kwenye bahari pana ya kusini ambako karibu hakuna mtu, na namba inashuka. Yaani zile pepo ambazo nahodha alizisoma kwa tanga, maabara inazisoma kwa gesi.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1950, wasomi wengi waliamini bahari ingemeza moshi wote wa binadamu bila shida. Mwaka 1957, Roger Revelle na Hans Suess, waliokuwa taasisi ya Scripps huko California, walichapisha makala wakionyesha kwamba bahari haimezi haraka hivyo, na gesi nyingine ingebaki hewani. Lakini hakuna aliyekuwa na rekodi ya kuonyesha hewa inabadilika kweli. Kijana mmoja wa Scripps, Charles David Keeling, akaweka mashine juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, ambako upepo unatoka baharini bila kupita kwa mtaa wa mtu. Machi 1958 ikasoma 313. Maana yake, katika kila chembe milioni za hewa kavu, 313 zilikuwa hewa ya ukaa. Mei 2025, mlima huo huo, wastani wa mwezi ulipita 430.

Hapo tunafika kwetu. Huyo Revelle ndiye alikuwa rais wa kwanza wa kamati ya kimataifa ya wanasayansi wa bahari, na kamati hiyo ndiyo iliyopanga ule Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, kuanzia 1959 hadi 1965. Meli zaidi ya 40 kutoka mataifa mbalimbali zilikuja kuisoma bahari hii kwa sababu ilikuwa haijulikani kabisa kisayansi. Scripps ilituma meli ya Argo kwenye safari iliyoitwa Lusiad, 1962 na 1963, ikiwa na vifaa vya Keeling vya kupima hewa ya ukaa kwenye maji ya juu na kwenye upepo. Jina hilo linatokana na utenzi wa Mreno Camões unaosimulia safari ya Vasco da Gama, ule ule tuliyekaririshwa. Mwezi Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Tukapandisha bendera, tukapata wimbo wa taifa, na namba za bahari zikaenda California.

Na walipimaje? Iko hivi. Chukua soda ya chupa, kunywa nusu, funga kifuniko. Gesi iliyo kwenye soda na ile iliyo kwenye nafasi ya juu zitasumbuana mpaka zielewane: inayotoka inalingana na inayorudi. Ukipima hewa ya pale juu, umejua soda imebeba nguvu kiasi gani. Meli ilifanya hivyo na bahari. Pampu inavuta maji meli ikiwa inatembea, maji yananyunyizwa ndani ya chombo kilichofungwa, hewa ya ndani inaelewana na maji. Kisha hewa hiyo inapitishwa kwenye mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni lakini hewa ya ukaa inaumeza. Mwanga mwingi ukipotea, gesi ni nyingi. Mashine nayo inakaguliwa kila mara kwa mitungi ya gesi ambayo kiwango chake kinajulikana, kama vile muuza nyama mwaminifu anavyokagua mizani kwa mawe ya kilo.

Upande wa pili wanavuta upepo wa baharini, mbali na moshi wa meli yenyewe. Halafu wanalinganisha. Hewa ikiwa na nguvu kuliko maji, bahari inavuta gesi ndani. Maji yakiwa na nguvu zaidi, bahari inapumua nje.

Na ya kwetu inapumua pande zote mbili. Soda moto inatoa gesi haraka kuliko baridi, wote tunajua. Kwa hiyo ungedhani maji baridi daima yanavuta. Lakini kusi ikivuma kwa nguvu pwani ya Somalia na Oman, inasukuma maji ya juu mbali na kupandisha maji baridi kutoka chini, na hayo yamebeba hewa ya ukaa nyingi iliyokusanyika kutoka kwa viumbe vinavyooza kilindini. Mwaka 1997 watafiti kutoka Kiel, Ujerumani, walichapisha vipimo vya Bahari ya Uarabuni vikionyesha kwamba msimu huo bahari inatoa hewa ya ukaa kwa wingi. Meli ikipita wakati wa kaskazi pekee, itaandika stori nyingine kabisa. Ndiyo maana kipimo kimoja ni picha tu, na mtu anaweza kudanganywa na picha. Unataka mfululizo.

Na mfululizo ni kitu rahisi sana kuua. Hata ule wa Mauna Loa ulikatika mwanzoni mwa 1964 kwa sababu pesa zilipunguzwa. Keeling akapigana mpaka ukarudi, akaendelea nao hadi alipofariki mwaka 2005. Hapa Kenya, kituo cha kupima hewa kilifunguliwa Mlima Kenya mwaka 1999, mita 3,678 juu, chini ya Idara ya Hali ya Hewa. Wazo zuri sana, kwa sababu upepo wa Bahari ya Hindi unafika huko juu. Chupa kama zile za Mahé zilijazwa pale kuanzia 2003, na mwaka 2011 zikasimama. Miaka minane tu, kwenye mlima uliobeba jina la nchi yetu.

Najua kuna msee anauliza, sasa hii inanihusu nini na mimi niko Dandora natafuta doo ya rent? Inakuhusu mara mbili.

Kwanza, kama robo ya hewa ya ukaa ambayo binadamu wanatoa kila mwaka inaishia baharini. Moshi wa matatu za Jogoo Road na wa jiko la makaa umo humo, ingawa wetu ni tone ukilinganisha na wa nchi tajiri. Gesi hiyo ikiingia majini inageuka asidi. Tangu viwanda vianze, asidi ya maji ya juu ya bahari imeongezeka karibu asilimia 30. Matumbawe ya Watamu na kila chenye gamba vinajenga mwili wao kwa chokaa, na asidi inafanya ujenzi huo kuwa mgumu. Mvuvi wa Msambweni hakuchoma hayo makaa ya mawe, lakini bili inakuja kwake.

Pili, hewa ya ukaa sasa ni pesa. Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja pale Gazi, Kwale, unauza kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Pesa zimeleta maji na vitabu vya shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni, ile ya Kwale, si hii yetu ya hapa mtaani. Iliwezekana kwa sababu mtu alipima miti na udongo, akaandika, akarudia. Bila namba, ule ungekuwa msitu tu wa kupendeza.

Sasa kampuni za nje zinaanza kusema zinaweza kuifanya bahari imeze hewa ya ukaa zaidi, kwa mfano kwa kuongeza madini ya kupunguza asidi, halafu ziuze hiyo kaboni. Siku mmoja wao akija Mombasa na mkataba, swali la kwanza litakuwa: bahari hii ilikuwa inavuta kiasi gani kabla hamjaja? Asiye na rekodi hana jibu. Ataamini namba za muuzaji.

Kuna hazina moja ya kimataifa inayokusanya vipimo vya hewa ya ukaa kwenye maji ya juu ya bahari, inaitwa SOCAT. Ina vipimo zaidi ya milioni 30. Ukiangalia ramani yake, Atlantiki ya Kaskazini imejaa mistari ya meli mpaka huoni maji. Bahari ya Hindi ni mistari michache na weupe mwingi. Lakini hatuanzi na sifuri. Taasisi ya KMFRI iko Mombasa tangu 1979, na ina meli ya utafiti, RV Mtafiti, tuliyopewa na Ubelgiji. Kinachohitajika ni kitu kisichopigiwa makofi: bajeti ya mitungi, ya mafuta ya meli na ya mshahara wa mtu atakayepima tena mwezi ujao, na mwaka ujao, na serikali ijayo.

Mimi niliacha campo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo sikuhubirii kuhusu digrii. Nakuhubiria kitu ambacho kila mama wa Eastlands anakijua kutoka kwa chama. Kwa chama kuna anayeongea sana, kuna anayechanga zaidi, lakini siku ya ugomvi watu wote wanamgeukia mwenye daftari. Na kuna maneno yaliyobandikwa kwenye ukuta wa nusu ya maduka ya mtaa huu: mali bila daftari hupotea bila habari.

Bahari ni mali yetu. Daftari lake kwa sasa liko Boulder, liko California, liko Kiel. Hawakuiba, walikuja na kalamu wakati sisi hatukuwa nayo. Lakini kalamu sai tunayo.