Uhuru Park: Bustani ya Nairobi na Alama Zake

Tarehe 23 Mei 1969, Rais Jomo Kenyatta aliwafungulia wananchi Uhuru Park, bustani ya karibu hekta 13 kando ya Uhuru Highway, hatua chache kutoka katikati ya jiji la Nairobi. Ilikuwa na nyasi, miti, bwawa la mashua na uwanja mpana wa mikutano. Tangu hapo imekuwa mahali pa familia kupumzika Jumapili, wahubiri kuhubiri na wapiga picha kutafuta riziki. Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza misa hapa mwaka 1985, na tena mwaka 1995.

Wakubwa nao walitaka kuacha alama zao. Ng'ambo ya Kenyatta Avenue, katika Central Park, ulisimamishwa mnara wa Nyayo mwaka 1988 kuadhimisha miaka kumi ya utawala wa Rais Daniel arap Moi. Mkono ulioshika rungu unachomoza kutoka kilele cha Mlima Kenya, na hakuna mtazamaji anayehitaji kuambiwa ni mkono wa nani.

Mwaka uliofuata ilikuja alama kubwa kuliko zote, nayo haikujengwa. Chama tawala, KANU, kilipanga kuimega Uhuru Park ili gazeti lake, Kenya Times, lipate jumba la ghorofa 60, na pembeni yake sanamu kubwa ya Rais. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, aliandika barua kwa wizara, kwa mabalozi na kwa mashirika ya kimataifa, akiuliza kwa nini wakazi wa jiji wanyang'anywe mahali pa kuvuta hewa. Wabunge walimshambulia bungeni na kumsimanga kwa sababu ya talaka yake. Siku ya Jamhuri, 12 Desemba 1989, Rais mwenyewe alisema hadharani, katika bustani hiyohiyo, kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Wangari hakunyamaza. Wafadhili wa nje wakaanza kusita, mradi ukapunguzwa, hatimaye ukafa. Uzio uliokuwa umezungushiwa eneo hilo uling'olewa mapema mwaka 1992.

Haikupita muda, bustani ikapata kazi nyingine. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, waliketi hapo na kuanza mgomo wa kula, wakidai wana wao waachiliwe. Kona waliyoketi ikaitwa Freedom Corner. Tarehe 3 Machi polisi walivamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Wangari, aliyekuwa pamoja nao, alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Kwa mila, mwana anayeuona utupu wa mama aliye rika la mamake mzazi amelaaniwa, na kila askari aliyekuwapo alilijua hilo. Walipofukuzwa bustanini, akina mama walihamia Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani, wakakaa karibu mwaka mzima. Mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwadai walikuwa wameachiliwa.

Baada ya hapo dola ilirudi kwenye uwanja huu ikiwa na sura tofauti. Mwai Kibaki aliapishwa hapa tarehe 30 Desemba 2002 mbele ya umati mkubwa. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilizinduliwa hapa. Na tarehe 8 Oktoba 2011, Wangari Maathai, wakati huo mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, aliagwa hapa kwa mazishi ya kitaifa, katika bustani aliyoitetea na ambamo alipigwa.

Mnara wa mashujaa wa Mau Mau ulizinduliwa hapa tarehe 12 Septemba 2015. Uingereza iliugharimia baada ya kukubali, mwaka 2013, kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa enzi za ukoloni jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi. Katika sanamu hiyo mwanamke anampa mpiganaji chakula, lakini kila mmoja ametazama kwingine. Atakayekamatwa na kuteswa hataweza kumtaja mwenzake, kwa kuwa hakuiona sura yake.

Bustani ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, ikaja kufunguliwa tena ikiwa na njia mpya za miguu na sehemu za watoto kuchezea. Anayetaka kuielewa historia yake kwa siku moja aanzie kwenye mnara wa Nyayo, avuke Kenyatta Avenue, kisha atafute mahali ambapo ghorofa 60 zingesimama. Atakuta watu wamelala kwenye nyasi bila kuomba ruhusa ya mtu, na hiyo ndiyo haki iliyopiganiwa mwaka 1989.