Maikrofoni ya utepe: kutambua hitilafu na kuitengeneza

Katika mji wa Maskati, Oman, zingalimo nyumba ambamo Kiswahili cha Unguja ndicho kinachozungumzwa sebuleni. Waliokimbia Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na wale waliofika baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970, sasa ni wazee, na idadi yao inazidi kupungua. Jamaa anayetaka kurekodi kumbukumbu zao na akabahatika kupata maikrofoni ya utepe ya zamani, ana chombo kinachoifaa sana sauti ya mzee, kwa kuwa hakiongezi ukali wa herufi kama "s" na "sh". Lakini chombo hicho kinaweza kuharibiwa kwa pumzi moja, na mara nyingi huharibiwa na yule yule aliyekusudia kukitengeneza.

Chombo chenyewe

Wajerumani Walter Schottky na Erwin Gerlach, waliokuwa katika kampuni ya Siemens, ndio waliobuni maikrofoni ya aina hii mwaka 1924. Nchini Marekani, Harry Olson wa kampuni ya RCA aliiendeleza, na mapema katika miaka ya 1930 ikatoka RCA 44. Nchini Uingereza, BBC ilishirikiana na Marconi kutoa Type A mwaka 1934, kisha katika miaka ya 1950 wahandisi wake wakasanifu ile inayojulikana kama 4038, ambayo hadi leo hutengenezwa na kampuni ya Coles. Matangazo ya Kiswahili ya BBC yalipoanza Juni 1957, maikrofoni za utepe zilikuwa chombo cha kawaida katika studio za shirika hilo.

Ndani yake mna kipande chembamba cha aluminiamu chenye mikunjo midogo midogo, kilichoning'inizwa baina ya ncha za sumaku yenye nguvu. Sauti hutikisa utepe, na utepe unapotikisika ndani ya uga wa sumaku huzaa umeme mdogo mno. Transfoma iliyomo ndani ya maikrofoni huukuza umeme huo kabla ya kuupeleka kwenye waya.

Utepe wa 4038 una unene wa maikroni 0.6, yaani unywele wa binadamu unaushinda kwa zaidi ya mara mia moja. Huo ndio udhaifu wa chombo hiki.

Kabla ya kufungua

Hitilafu nyingi haziko ndani ya maikrofoni. Kwanza, hakikisha kwamba umeme wa volti 48, ambao mitambo ya kisasa huupeleka kwenye maikrofoni za aina nyingine, umezimwa. Waya ukiwa mzima, umeme huo kwa kawaida hauleti madhara. Waya mmoja ukiwa umegusana na mwingine, utepe unaweza kuvutwa au kukatika papo hapo.

Pili, badilisha waya na ukague plagi. Tatu, ongeza ukuzaji wa sauti. Maikrofoni ya utepe huhitaji desibeli 60 au zaidi kwa mazungumzo ya kawaida, na zipo zilizohukumiwa kuwa mbovu ilhali amplifaya ndiyo iliyokuwa dhaifu.

Nne, zungumza mbele yake kwa umbali wa nusu mita, kisha nyuma yake kwa umbali huo huo, kisha ubavuni. Nyingi za maikrofoni hizi husikia sawasawa mbele na nyuma, na ubavuni huwa kama kiziwi. Usiipulize wala usiigonge kwa kidole.

Dalili na maana yake

Sauti ikiwa hafifu mno, nyembamba na yenye mvumo wa umeme, yaelekea utepe umekatika au umelegea kwenye kibanio chake. Sauti ikikwaruza, au ikipotea ghafla na kurejea, huenda utepe unagusa ncha za sumaku au kuna chembe za chuma baina yao. Sauti iliyofifia na kukosa uangavu mara nyingi ni ishara ya utepe uliolegea. Sauti safi lakini ya chini yaweza kutokana na sumaku iliyopungua nguvu. Kimya kabisa huelekeza kwenye transfoma au waya uliokatika ndani.

Mafundi wengi hukimbilia kupima kwa mita. Hapa pana mtego: mita ikiwekwa kwenye plagi hupima koili ya transfoma tu, hivyo itaonesha hali njema hata kama utepe umekatika. Aidha, mita yenyewe hupitisha umeme unaoweza kuushtua utepe. Pima transfoma baada ya kuutenganisha utepe, si kabla.

Kusafisha

Fanya kazi juu ya meza ya mbao iliyofutwa vizuri. Zima feni na kiyoyozi, na ufunike pua na mdomo. Tumia vibano na bisibisi za shaba au plastiki, kwani ya chuma itarukia sumaku na kuchana utepe.

Katika Maskati tahadhari hii ni muhimu zaidi. Bustan, kwa mfano, imebanwa baina ya milima na bahari, na hewa yake ina chumvi na unyevu. Miamba myeusi iliyo katika sehemu nyingi za mji ina madini ya magnetaiti, hivyo hata vumbi la dirishani laweza kuwa na chembe zinazonasa kwenye sumaku.

Chembe hizo ziondolewe kwenye ncha za sumaku kwa kijiti kilichozungushiwa tepu yenye gundi, bila kugusa utepe. Usitumie hewa ya kupuliza. Usiifungue sumaku, kwani sumaku za zamani hupoteza nguvu zinapotenganishwa na vyuma vyake.

Kubadilisha utepe

Utepe uliokatika haulehemiwi, hubadilishwa. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni haifai, kwa sababu unene wake ni takriban maikroni 15 na uzito wake huizima sauti. Inatakiwa karatasi maalumu yenye unene ule wa asili.

Hukatwa kwa wembe mpya ikiwa imewekwa baina ya karatasi mbili, kisha hupitishwa kati ya gia mbili ili ipate mikunjo. Upande mmoja hubanwa kwanza, utepe huwekwa katikati ya nafasi, ndipo upande wa pili hubanwa. Vibanio visafishwe, kwani kutu ya aluminiamu huzuia umeme mdogo uliopo. Usikazwe kama uzi wa udi: utepe uliokazwa mno hupoteza sauti nzito. Piga picha na utie alama kwenye nyaya kabla ya kuanza, na uhifadhi utepe wa zamani.

Asiyewahi kuifanya kazi hii ajifunze kwanza kwa maikrofoni ya bei nafuu, au ampelekee fundi aliyebobea. Ikiwa maikrofoni ingali inatoa sauti nzuri, isifunguliwe.

Kuitunza

Iwekwe wima, kwa kuwa ikilazwa muda mrefu utepe hulegea. Ifunikwe polepole, maana hata upepo wa mfuko unaovutwa kwa haraka waweza kuunyoosha. Katika hewa ya pwani, iwekwe ndani ya sanduku pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na isiachwe ndani ya gari.

Wakati wa kumrekodi mzee, iwe umbali wa nusu mita, pembeni kidogo mwa mdomo, na kiyoyozi kizimwe. Anayehoji anaweza kukaa upande wa pili wa maikrofoni hiyo hiyo, na wote wawili watasikika kwa uwiano.