Utayari wa Wanaume Walio Hatarini Kushiriki Majaribio ya Chanjo ya VVU

Utayari wa kujitolea ni nia ya mtu mzima mwenye afya, asiye na VVU, kukubali kuchomwa chanjo ambayo uwezo wake bado haujathibitishwa. Si sawa na ridhaa, ambayo ni tendo la kutia saini baada ya maelezo na maswali. Wala si sawa na udumifu, yaani kuhudhuria kliniki hadi siku ya mwisho ya ufuatiliaji, pengine zaidi ya mwaka. Mwanaume anaweza kuwa na nia akakosa hayo mawili. Kuhesabu mikono iliyonyooshwa kwenye semina hupima nia peke yake.

Neno "hatarini" hueleza uwezekano wa kuambukizwa, si hukumu ya tabia. Wanaume wa Soweto, katika Manispaa ya Moshi, na wa vijiji vya mgombani juu yake huingia katika kundi hili zaidi kwa njia ya kazi: madereva wa malori na utingo wao wanaopita Himo kuelekea mpaka wa Holili, wanaapolo wanaochimba tanzanaiti Mirerani, na wafanyabiashara wanaolala safarini. Wako pia wanaojidunga dawa za kulevya na wanaofanya ngono na wanaume wenzao. Hawa ni vigumu kufikiwa, kwa kuwa sheria na aibu huwaficha.

Hatua ya jaribio ndiyo huamua anayehitajika. Awamu za mwanzo hupima usalama na mwitikio wa kinga, na huchagua watu wenye hatari ndogo. Ndivyo lilivyokuwa jaribio la HIVIS-03 lililoanza Muhimbili mwaka 2007 kwa washiriki 60, ambalo askari polisi wa Dar es Salaam waliandaliwa kushiriki. Likafuatiwa na jaribio la TaMoVac katika Dar es Salaam na Mbeya. Swali la kama chanjo inakinga hujibiwa baadaye, na pasipo watu walio hatarini halijibiki. PrEPVacc, jaribio la aina hiyo lenye washiriki 1,512 katika Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, lilisitisha uchanjaji Novemba 2023 baada ya kuonekana kuwa chanjo zake hazina matumaini ya kukinga. Hadi leo hakuna chanjo ya VVU iliyosajiliwa popote.

Vichocheo vya utayari ni vichache: kuwafaa wengine, kupimwa afya mara kwa mara, kuuguza au kuzika ndugu. Nauli na fidia ya muda ni haki ya mshiriki, lakini zikizidi kipimo hugeuka kishawishi, na kamati za maadili huzikagua kwa sababu hiyo.

Vizuizi ni vingi zaidi. Uvumi wa mumiani, wanaosemekana kunyonya watu damu, hufufuka kila damu inapochukuliwa. Hofu ya kuambukizwa na chanjo yenyewe haina msingi, kwa kuwa chanjo zilizojaribiwa Muhimbili zilibeba vipande tu vya kirusi, na vipande haviwezi kuzaa kirusi kamili. Hofu ya ugumba imo pia, na kwa mwanaume ambaye ukoo unamsubiri apate mrithi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, hiyo si hofu ndogo. Neno la mke au mchumba huzidi nguvu maelezo ya daktari. Nia iliyotangazwa mchana hukomea chumbani usiku.

Kizuizi kimoja ni cha kweli kabisa. Chanjo inaweza kuuzoesha mwili kutengeneza kingamwili, na kipimo cha haraka kikamsoma mshiriki kuwa ana VVU ilhali hana. Anayepimwa kabla ya ndoa, ya kanisani au ya msikitini, au anayeomba kazi au bima, hubeba mzigo huo peke yake. Tiba yake inajulikana: kipimo cha PCR, kinachotafuta kirusi chenyewe, na cheti cha ushiriki. Kwa hiyo jaribio lolote litakaloletwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro linapaswa kuwa na kipimo hicho karibu, na cheti mkononi, kabla ya sindano ya kwanza, na kumpa mwenzi wa mshiriki nafasi ya kuuliza, mshiriki mwenyewe akiridhia.