Badala na Nyongeza: Kutoka Njia ya Misafara hadi Kompyuta

Hakuna biashara isiyojua mambo mawili haya: badala na nyongeza. Badala ni haki ya mtu aliyeuziwa kitu chenye kasoro; nyongeza ni malipo ya mtu atakaye kitu bora kuliko alichokinunua. Siku hizi mambo hayo hukutana dukani, pale kompyuta iliyoharibika ndani ya muda wa dhamana inapobadilishwa, naye mwenyewe akaomba atoe fedha juu apewe yenye kumbukumbu kubwa zaidi. Makala haya yataka kuonyesha kwamba hatari ya mkutano huo ni ya zamani: hesabu mbili kuandikwa kama moja.

Tuanze Bukene, katika wilaya ya Nzega, kaskazini ya Tabora. Huko ni Unyamwezi, nchi iliyopitiwa na misafara ya kwenda ziwa kuu la kaskazini. John Speke alishika upande huo kutoka Tabora mwezi wa Julai 1858, akaliona ziwa mwanzo wa Agosti. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, na tawi lake la Mwanza lipitalo Bukene kukamilika mwaka 1928, mali ilikuja juu ya mabega ya wapagazi. Nguo ilipimwa kwa mkono: shuka mikono minne, doti mikono minane. Pembe zilipimwa kwa frasila ya ratili 35. Ushanga nao ulikuwa na majira yake: aina iliyogombewa mahali pamoja ilikataliwa mahali pengine. Safari ya kutoka pwani ilichukua miezi. Basi aliyegundua Unyamwezi kwamba robota lake la nguo limeoza hakuweza kulirudisha Unguja kwa tajiri wake. Hapakuwa na budi ila kupatana papo hapo: atoe kibovu, aongeze kitu, apate kizuri. Ni rahisi kufahamu jinsi mnyonge alivyoweza kupunjwa katika mapatano ya namna hiyo, maana bei ya kibovu na bei ya kizuri zilitamkwa na mtu mmoja kwa pumzi moja.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ambayo wafanyabiashara wengi wa Tabora na pwani waliifuata, walikwisha kuliona jambo hili. Mnunuzi aliyekuta aibu iliyokuwamo katika kitu kabla hajakabidhiwa ana khiyari ya kukirudisha. Tena yako mafundisho mashuhuri ya Mtume juu ya tende: asibadilishe mtu pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya tende bora, bali auze zile duni kwa fedha, kisha kwa fedha hiyo anunue zile bora. Hukumu hiyo yahusu vyakula na fedha, haihusu kila bidhaa. Lakini hekima yake ni pana. Yatenganisha biashara mbili, ili kila moja ionekane bei yake.

Kompyuta ilipofika nchini, somo lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga mashine ya kwanza, ICT 1500. Baadaye serikali iliamua kuhamia kwenye mashine za ICL 1900. Hayo hayakuwa madai ya dhamana. Yalikuwa kutafuta kilicho bora. Lakini mashine hizo hazikuwa za ukoo mmoja, na programu za ile ya kwanza hazikuweza kuendeshwa vivi hivi katika ile ya pili. Jaribio likashindwa, fedha nyingi zikapotea, hesabu zikarudi kufanywa kwa mikono. Na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Gharama ya nyongeza, basi, haiishii katika bei ya chombo.

Sasa tuitazame kompyuta ya mwalimu wa Bukene. Tuseme aliinunua kwa shilingi 1,200,000, ikafa ndani ya dhamana. Inayolingana nayo leo yauzwa 900,000, na yenye kumbukumbu kubwa zaidi 1,050,000. Muuzaji aweza kusema: chombo chako kilichotumika nakithamini 600,000, niongeze 450,000. Maneno hayo yana sura ya uungwana, lakini si haki. Mwalimu hauzi chombo kikuukuu, anadai badala. Badala hiyo ni yake bila malipo, na nyongeza ni tofauti ya vyombo viwili vipya, yaani 150,000 tu. Zaidi ya hapo ni kulipia kasoro ya mwenziwe.

Muuzaji naye ana haki yake. Dhamana haimlazimishi kutoa kilicho bora kuliko alichouza, na akikubali kukitoa astahili tofauti hiyo. Yafaa tu iandikwe katika risiti yake mbali, pamoja na namba ya chombo, na siku ambayo dhamana ya sehemu zilizoongezwa yaanza na kuisha.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yamlinda mlaji, lakini sheria haisafiri na mtu aliyekwisha kulipa nauli mpaka Tabora au Dar es Salaam, akiogopa kurudi mikono mitupu. Mtu huyo hukubali lolote, kama mwenye robota lililooza alivyokubali. Kinga yake ya kwanza ni karatasi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: na daftari lenye hesabu mbili zilizochanganywa halina tofauti na kukosa daftari.