Risasi ya nyaya kuukuu za simu: Manufaa na sumu yake

KATIKA Kiswahili, neno risasi lina maana mbili. Kwanza ni madini mazito ya rangi ya kijivu, na pili ni kile kipande kinachofyatuliwa kutoka kwenye bunduki. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na maana ya pili ilizaliwa na ile ya kwanza kwa kuwa kwa karne nyingi vipande vya bunduki vilisubiwa kwa madini hayo. Wavuvi wa pwani huyafahamu kupitia chubwi, uzito unaozamisha mshipi, nao waashi kupitia timazi.

Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327 hivi za Selsiasi, kiwango kinachoweza kufikiwa kwa jiko la kawaida. Ni nzito kiasi kwamba lita moja yake ina uzani wa zaidi ya kilo 11. Aidha ni laini na haishiki kutu kama chuma. Sifa hizo ndizo zilizoifanya ipendwe na mafundi wa simu na wapiga shabaha vilevile.

Nchini Marekani, kampuni za simu zilianza kufunika nyaya zao kwa risasi katika miaka ya 1880. Ndani ya kebo moja mlikuwa na mamia ya nyaya nyembamba za shaba zilizozungushiwa karatasi. Karatasi ikilowa, mawasiliano hukatika. Kwa hivyo ganda la risasi lilihitajika kuzuia maji. Mafundi waligundua kwamba risasi tupu hupasuka kwa kutikisika, wakaichanganya kwanza na bati, kisha antimoni kidogo. Mahali kebo zilipounganishwa palilehemiwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati. Plastiki ilichukua nafasi ya risasi katikati ya karne ya 20, lakini kebo nyingi za zamani ziliachwa ardhini, chini ya maji na juu ya nguzo.

Kebo hizo zinapong'olewa, shaba huuzwa kwa bei nzuri nalo ganda huuzwa kama vyuma vikuukuu. Miongoni mwa wanunuzi wamo Wamarekani wanaojisubia vichwa vya risasi nyumbani, mazoea yaliyo ya tangu enzi za bunduki za gobori. Hao huyeyusha madini katika chungu cha chuma, hutia nta ili uchafu uelee na kuenguliwa, kisha humimina katika kalibu.

Si kila risasi inafaa kila bunduki. Ganda la kebo ni laini, na hufaa zaidi gobori na bunduki za mwendo mdogo. Katika bunduki zenye kasi, madini laini huacha utando ndani ya mtutu. Ndiyo sababu wasubiaji huongeza bati na antimoni. Chanzo kimoja mashuhuri cha antimoni kilikuwa herufi za mitambo ya Linotype iliyochapa magazeti tangu mwaka 1886, ambazo zilikuwa na takriban asilimia 84 ya risasi, 12 ya antimoni na 4 ya bati.

Hata hivyo, kazi hii ina hatari zake. Tone la maji likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini ya moto usoni mwa fundi. Kebo zenye karatasi iliyolowa ni za kuogopwa zaidi. Betri za mitambo ya simu nazo huepukwa, kwa kuwa zina asidi, na baadhi ya taka zake zikipata unyevu huweza kutoa gesi yenye sumu kali.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Vumbi la risasi hushika mikononi na nguoni, likaingia mwilini kupitia chakula na pumzi, kisha likafika nyumbani kwa watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto, sumu hii hudhuru ubongo na kupunguza uwezo wa kujifunza, na madhara hayo hayaponi. Mtu mzima huweza kupata shinikizo la damu na maradhi ya figo.

Wanyama pia huathirika. Tai wanaokula mizoga iliyopigwa kwa risasi hufa kwa sumu. Jimbo la California lilipiga marufuku risasi za madini haya kwa uwindaji wote kuanzia Julai 1, 2019, na wawindaji wakageukia zile za shaba.

Nchini Kenya, utengenezaji wa silaha na risasi hudhibitiwa vikali na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Lakini uyeyushaji wa risasi kuukuu umewahi kuleta maafa hapa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri za magari kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, baada ya wakazi, wakiongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, kulalamikia sumu iliyowadhuru wao na watoto wao. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilitengua sehemu ya uamuzi huo mwaka 2023, lakini Mahakama ya Juu ikaurejesha mnamo Desemba 2024.

Wataalamu wa afya huwashauri wanaoshughulika na madini haya wafanye kazi mahali penye hewa ya kutosha, wasile wala kuvuta sigara wakiwa kazini, wanawe mikono, wabadilishe nguo kabla ya kuingia nyumbani, na wapimwe damu mara kwa mara. Watoto na wanawake waja wazito hawafai kukaribia kazi hiyo.