Mkwawa na pambano la mwisho ambalo halikupiganwa

Haya wadau, leo nachanganya michezo na historia. Nivumilieni kidogo.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu ana shujaa wake, na dadu ndizo zinazoamua nani kapiga na nani kakosa. Kisa kimoja kinaweza kuchukua miezi, hata miaka. Muda wote huo wachezaji wanasubiri siku moja tu: pambano la mwisho. Mashujaa wote wamefika, adui mkubwa yuko ngomeni, kila deni linalipwa. Hata wewe uliyekulia kwenye Playstation unamjua huyo "bosi wa mwisho".

Sasa njoo huku kwetu. Ukitoka Mbeya kwa basi, ukishaipita Makambako unafika Nyololo, wilaya ya Mufindi. Hapo tayari uko katika nchi ya Wahehe. Muulize kijana yeyote pale barabarani habari za Mkwawa, na bila shaka ataanza na Lugalo.

Na kwa nini asianze nayo? Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, lilikuwa safarini kwa mstari mrefu mmoja. Lilikuwa na mizinga na bunduki za kisasa. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani, wakatoka ghafla na mikuki. Kwa dakika chache kazi ikawa imekwisha. Zelewski mwenyewe aliuawa, pamoja na Wazungu wengine na mamia ya askari na wapagazi. Mamia ya bunduki yakaangukia mikononi mwa Mkwawa.

Hilo lina utamu wote wa pambano la mwisho. Tatizo ni kwamba lilikuwa la kwanza!

Wajerumani walirudi. Mwishoni mwa Oktoba 1894 waliipiga kwa mizinga Kalenga, ngome ya Mkwawa, wakaivamia na kuiteka. Kama ungekuwa mchezo, Mkwawa angekufa pale ukutani, upanga mkononi, na msimulizi angefunga daftari lake. Lakini Mkwawa hakuwapa Wajerumani raha hiyo. Alitoroka.

Ikafuata karibu miaka minne ya kuwindana. Mwaka 1896 Wajerumani walijenga boma jipya Iringa na kumsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala. Haikupita miezi mingi wakamnyonga, Februari 1897, wakimtuhumu kuwa anamsaidia kaka yake. Zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Mashamba yalichomwa, watu wakashinda njaa, na bado walikuwepo waliompa chakula na kumficha.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, kikosi cha sajenti Merkl kilimfikia. Kilichelewa. Mkwawa alikuwa ameshajipiga risasi. Wajerumani wakaambulia maiti, wakakata kichwa.

Wala kisa hakikuishia hapo. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Waingereza katika miezi sita. Haikufanya hivyo. Fuvu lilirudi 1954, baada ya gavana Edward Twining kulitafuta katika makumbusho ya Bremen, akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Liko Kalenga, na hadi leo wapo wanaojiuliza kama ndilo lenyewe.

Ninachotaka kusema ni hiki. Tunapenda mno hadithi inayofungwa kwa kishindo, ndiyo maana shuleni tulikariri Lugalo, tukaruka Kalenga haraka haraka, halafu tukatua kwenye risasi ya mwisho. Ile miaka minne katikati tunaipa sentensi moja. Lakini vita vyenyewe vilikuwa pale! Lugalo Wahehe walipigana wakiwa na jeshi, bunduki na ngome nyuma yao. Baada ya Kalenga hawakuwa na kitu. Mama aliyetoa unga wa mwisho kwa watu wa Mkwawa, huku akijua nyumba yake itachomwa akigundulika, hakuwa na dadu ya kumwokoa. Wala hakuna sanamu yake.

Mezani pambano la mwisho ni zuri kwa sababu kesho yake mashujaa wanarudi kula chipsi. Katika historia, mara nyingi ushujaa uko sehemu ile inayochosha, ambayo hakuna anayeshangilia.

Siku ukifika Kalenga, liangalie fuvu, sawa. Halafu waulize wazee habari za waliomficha. Wadau, mnasemaje?